Maswali na Majibu: Mario Mandžukić, Mshambuliaji wa Kroatia

Maswali haya ni ya marudio kwa wanafunzi wa uandishi wa habari za michezo na wa kozi za ukocha wanaojiandaa na mada ya wasifu wa mchezaji. Mandžukić amechaguliwa kwa makusudi. Mwanafunzi akimsoma kwa kuhesabu mabao tu atamwona mshambuliaji mzuri kama wengine wengi. Akiisoma kazi yake uwanjani, ataelewa kwa nini makocha wakubwa wa Ujerumani, Hispania na Italia walimtaka. Alama zilizoandikwa kando ya kila swali zinaonyesha uzito wake. Usitumie dakika kumi kwa swali la alama mbili.

Swali la 1. Mario Mandžukić alizaliwa lini na wapi, na utoto wake uliathiriwaje na historia ya nchi yake? (Alama 5)

Jibu: Alizaliwa tarehe 21 Mei 1986 mjini Slavonski Brod, mashariki mwa Kroatia, kwenye ukingo wa mto Sava. Ng'ambo ya mto ni Bosnia. Wakati huo Kroatia ilikuwa bado sehemu ya Yugoslavia. Ilipotangaza uhuru mwaka 1991 vita vilipamba moto, na mwaka 1992 mji wake ukawa unapigwa mizinga. Familia yake ikakimbilia Ujerumani na kukaa Ditzingen, mji mdogo jirani na Stuttgart. Huko ndiko alikoanza kucheza mpira wa timu, katika kikosi cha watoto cha TSF Ditzingen. Mwaka 1996 walirudi nyumbani, akajiunga na Marsonia, klabu ya Slavonski Brod ambayo baba yake, Mato, naye aliwahi kuichezea.

Ongeza hoja hii upate alama kamili: hakuwa peke yake. Luka Modrić alikulia katika hoteli zilizogeuzwa makazi ya wakimbizi huko Zadar, na Dejan Lovren alitoroka Bosnia na wazazi wake akalelewa Munich. Kikosi kilichofika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2018 kilikuwa na watu wazima waliokuwa watoto wa vita. Lakini usiandike kwamba vita ndivyo vilivyomfanya awe mchezaji mzuri. Vita viliwanyima watoto wengi nafasi kuliko vilivyowapa, na jibu la namna hiyo halithibitishiki.

Swali la 2. Orodhesha klabu zake za ngazi ya juu kwa mfuatano wa miaka. (Alama 4)

Jibu: Baada ya Marsonia, NK Zagreb (2005 hadi 2007), Dinamo Zagreb (2007 hadi 2010), Wolfsburg (2010 hadi 2012), Bayern Munich (2012 hadi 2014), Atlético Madrid (2014 hadi 2015), Juventus (2015 hadi 2019), Al-Duhail ya Qatar (Desemba 2019 hadi Julai 2020) na AC Milan (nusu ya pili ya msimu wa 2020/21). NK Zagreb na Dinamo Zagreb ni klabu mbili tofauti za mji mmoja. Ukiziandika kama klabu moja unapoteza alama.

Swali la 3. Dinamo Zagreb ilimsajili kuziba pengo la nani? (Alama 2)

Jibu: Eduardo da Silva, aliyeuzwa Arsenal katika majira ya joto ya mwaka 2007. Dinamo ililipa takriban euro milioni 1.3. Katika misimu mitatu Mandžukić alitwaa mataji matatu ya ligi na Kombe la Kroatia mara mbili, na msimu wa 2008/09 akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16.

Swali la 4. Eleza jinsi msimu wake wa kwanza Wolfsburg ulivyokwenda, na ni tukio gani lililomfungulia njia. (Alama 5)

Jibu: Alikwenda Wolfsburg mwaka 2010 kwa takriban euro milioni 7, chini ya kocha Mwingereza Steve McClaren. Nafasi ya mshambuliaji wa kati ilikuwa na wenyewe. Edin Džeko, raia wa Bosnia, alikuwa mmoja wa wafungaji hatari kuliko wote Ujerumani, na Grafite wa Brazil naye alikuwapo. Mgeni akawa anaanzia benchi au kusukumwa pembeni.

Januari 2011 Džeko aliuzwa Manchester City. Hapo Mandžukić akapata nafasi katikati. Timu ilikuwa inazama, makocha wakabadilishwa hadi Felix Magath akarudi kuinusuru. Mandžukić alimaliza msimu na mabao 8 ya ligi, yote katika kipindi hicho cha mwisho cha hofu ya kushuka daraja, na alifunga hata siku ya mwisho, Wolfsburg iliposhinda 3-1 ugenini kwa Hoffenheim na kubaki Bundesliga. Msimu uliofuata akafunga 12.

Wanaosomea ukocha waitazame vizuri miezi ile ya pembeni. Wakati ule ilionekana kama kupotezewa muda, lakini miaka sita baadaye, mjini Turin, ilikuja kumfaa. Tutalirudia jambo hilo katika swali la 10.

Swali la 5. Kweli au si kweli: Mandžukić alikuwa mfungaji bora wa Euro 2012 peke yake. (Alama 2)

Jibu: Si kweli. Alifunga mabao matatu, mawili dhidi ya Jamhuri ya Ireland na moja dhidi ya Italia, mechi zote zikichezwa Poznań. Wachezaji sita walimaliza na mabao matatu kila mmoja: yeye, Fernando Torres, Mario Gomez, Cristiano Ronaldo, Mario Balotelli na Alan Dzagoev. Kroatia yenyewe ilitolewa katika hatua ya makundi, jambo linaloyapa mabao yake uzito zaidi, maana aliyapata katika mechi tatu tu.

Swali la 6. Bayern Munich ilikuwa na Mario Gomez, aliyefunga mabao 26 ya ligi msimu wa 2011/12. Kwa nini basi Mandžukić ndiye aliyekuwa chaguo la kwanza msimu uliofuata? (Alama 8)

Jibu: Anza na sababu ya wazi. Gomez alifanyiwa upasuaji wa kifundo cha mguu mwanzoni mwa msimu, na Mandžukić, aliyenunuliwa kwa takriban euro milioni 13, akapewa jezi. Alifunga mapema tu, katika dakika ya 6 ya mechi ya Kombe la Hisani la Ujerumani dhidi ya Borussia Dortmund.

Lakini majeruhi hupona. Gomez alirudi, na bado akakaa benchi. Sababu ya pili ndiyo inayobeba alama nyingi. Bayern ilikuwa imetoka kupoteza fainali ya Ligi ya Mabingwa ya mwaka 2012 kwa Chelsea, kwa mikwaju ya penalti, katika uwanja wake yenyewe. Kocha Jupp Heynckes aliijenga timu upya kwa msingi mmoja: mpira ukipotea, mtu wa kwanza kuukimbilia ni mshambuliaji. Gomez alikuwa hodari wa kumaliza ndani ya eneo la hatari. Mandžukić alikuwa anaanza kazi mita sitini kutoka hapo. Aliwakimbilia mabeki wakiwa wanajipanga, akawafungia njia ya pasi kwa kiungo, akawalazimisha kubutua mpira mrefu, kisha akarudi nyuma kusaidia pale uliposhukia. Franck Ribéry na Arjen Robben waliokuwa pembeni walipata mipira iliyoporwa juu, karibu na lango la wapinzani, na timu yenye watu kama hao haihitaji zaidi ya hapo.

Ushahidi wa namba: mabao 15 ya ligi, machache kuliko ya Gomez msimu uliotangulia, lakini Bayern ilimaliza na pointi 91 na kutwaa ligi, Kombe la Ujerumani na Ligi ya Mabingwa katika msimu mmoja. Hakuna klabu ya Ujerumani iliyowahi kufanya hivyo kabla yake. Mtahiniwa akiweza kueleza kwa nini mshambuliaji mwenye mabao machache aliisaidia timu kufanikiwa zaidi, ameielewa mada nzima.

Swali la 7. Eleza bao lake katika fainali ya Ligi ya Mabingwa, Wembley, 25 Mei 2013. (Alama 3)

Jibu: Dakika ya 60. Ribéry alimpenyezea Robben upande wa kushoto wa eneo la hatari, Robben akamvuta kipa Roman Weidenfeller nje ya mstari wake na kuupitisha mpira mbele ya lango. Mandžukić alikuwa ameshafika, akausukuma wavuni kwa karibu kabisa. İlkay Gündoğan akaisawazishia Dortmund kwa penalti dakika ya 68, na Robben akafunga la ushindi dakika ya 89. Matokeo: 2-1.

Swali la 8. Kwa nini aliondoka Bayern mwaka 2014 ilhali alikuwa amefunga mabao 18 ya ligi msimu huo? (Alama 4)

Jibu: Kocha mpya, Pep Guardiola, alitaka timu inayomiliki mpira kwa pasi fupi fupi, mara nyingine bila mshambuliaji halisi wa kati. Mandžukić alifunga mabao 18, mawili tu nyuma ya Robert Lewandowski wa Dortmund aliyeongoza orodha, lakini ilikuwa imeshatangazwa kwamba Lewandowski huyo huyo anakuja Bayern. Mandžukić aliachwa nje ya kikosi katika fainali ya Kombe la Ujerumani ya mwaka 2014, na baadaye alisema hadharani kwamba Guardiola hakumheshimu.

Hapa mwanafunzi asiegemee upande mmoja. Kocha ana haki ya kuchagua aina ya mpira wake, na mchezaji ana haki ya kutafuta mahali panapomfaa. Kwa maoni yangu Bayern ilipata mshambuliaji bora zaidi, na Mandžukić akapata klabu iliyohitaji kile alichokuwa nacho. Namna alivyoachwa, hata hivyo, haikulingana na jasho alilomwaga pale.

Swali la 9. Taja mambo mawili ya kukumbukwa katika msimu wake mmoja Atlético Madrid. (Alama 4)

Jibu: La kwanza ni bao lake la mapema mno, ndani ya dakika mbili za mwanzo, lililoipa Atlético ya Diego Simeone ushindi wa 1-0 dhidi ya Real Madrid na taji la Supercopa ya Hispania, Agosti 2014. La pili ni mabao matatu katika mechi moja ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Olympiacos, Novemba mwaka huo. Unaweza pia kutaja robo fainali ya Aprili 2015 dhidi ya Real Madrid, alipoendelea kucheza baada ya uso wake kuvuja damu kufuatia kugongana na Sergio Ramos. Jumla alifunga mabao 20 katika mashindano yote, 12 yakiwa ya ligi.

Swali la 10. "Mshambuliaji wa kati aliyegeuzwa winga akiwa na miaka 30." Jadili mabadiliko haya Juventus na faida zake. (Alama 12)

Jibu: Hili ndilo swali kubwa la mada, kwa hiyo lipe muda.

Mandžukić alifika Juventus mwaka 2015 kwa takriban euro milioni 19, na katika mechi yake ya kwanza ya mashindano, Supercoppa ya Italia iliyochezwa Shanghai dhidi ya Lazio, akafunga kwa kichwa. Mwaka mmoja baadaye Juventus ikamnunua Gonzalo Higuaín kwa euro milioni 90. Klabu hailipi fedha hizo ili mtu akae benchi. Ikaonekana wazi kwamba Mandžukić ndiye atakayekaa.

Tarehe 15 Januari 2017 Juventus ilifungwa 2-1 na Fiorentina. Kocha Massimiliano Allegri akabadilisha mfumo. Wiki iliyofuata, tarehe 22, dhidi ya Lazio, alipanga mabeki wanne, viungo wawili, kisha Juan Cuadrado kulia, Paulo Dybala katikati, Higuaín mbele, na Mandžukić winga wa kushoto. Wengi walidhani ni jaribio la kuwaridhisha mastaa wote kwa pamoja. Juventus ilishinda 2-0, na mfumo ukabaki hadi mwisho wa msimu.

Faida ya kwanza ni ulinzi. Winga wa kawaida hupenda kubaki juu akisubiri mpira. Mandžukić alishuka na beki wa kulia wa wapinzani hadi kwenye bendera ya kona ya Juventus, kisha akapanda tena. Nyuma yake alikuwa Alex Sandro, beki wa kushoto anayependa kushambulia. Kwa kuwa mwenzake alikuwa anarudi, Sandro aliweza kupanda bila hofu.

Faida ya pili haikuzoeleka, na ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Mandžukić ana urefu wa mita 1.90. Akiwa katikati, hukabwa na mabeki wa kati, watu warefu wanaoishi kwa mipira ya juu. Akiwa kushoto, anayemkaba ni beki wa kulia, ambaye mara nyingi ni mfupi na amechaguliwa kwa mbio zake. Allegri akawa na njia rahisi ya kutoka kwenye presha: mpira mrefu kuelekea kushoto, Mandžukić anauchukua kwa kifua au kichwa, timu inapanda. Na krosi zikitoka kulia, yeye anaibukia nguzo ya mbali.

Mfano wa kutumia katika mtihani ni Real Madrid dhidi ya Juventus, uwanja wa Santiago Bernabéu, 11 Aprili 2018. Juventus ilikuwa imefungwa 3-0 nyumbani. Dakika ya 2 Sami Khedira akapiga krosi kutoka kulia, Mandžukić akafunga kwa kichwa nguzo ya mbali. Dakika ya 37 Stephan Lichtsteiner akapiga krosi nyingine kutoka upande ule ule, na matokeo yakawa yale yale. Mara zote mbili aliyerukiwa ni Dani Carvajal, beki wa kulia. Blaise Matuidi akaongeza la tatu, na ilibaki penalti ya Cristiano Ronaldo katika dakika za majeruhi kuiokoa Madrid kwa jumla ya 4-3.

Hoja ya tatu ni ya tabia. Mshambuliaji aliyefunga katika fainali ya Ulaya anaambiwa akalinde pembeni ili mwenzake mpya acheze nafasi yake. Wapo ambao wangenuna na kumpigia wakala simu. Yeye alikubali, na hilo lilimpa miaka miwili zaidi ya kuwa mchezaji muhimu katika klabu kubwa. Aliondoka Juventus akiwa na mataji manne ya Serie A mfululizo.

Usisahau mwisho wake pale. Mwaka 2019 alikuja kocha mwingine, Maurizio Sarri, na Mandžukić hakucheza hata mechi moja chini yake kabla ya kwenda Qatar. Jibu lisilotaja hili linapamba hadithi kupita kiasi.

Swali la 11. Eleza bao la tikitaka alilofunga Cardiff, 3 Juni 2017, hatua kwa hatua. (Alama 5)

Jibu: Fainali ya Ligi ya Mabingwa, Juventus dhidi ya Real Madrid. Ronaldo alikuwa ameshafunga dakika ya 20. Dakika ya 27 Leonardo Bonucci alipiga mpira mrefu wa mshazari kwenda kushoto. Alex Sandro hakuusubiri ushuke, aliurudisha katikati kwa mguu ukiwa hewani. Higuaín akautuliza na kumsogezea Mandžukić, naye bado ukiwa hewani. Mandžukić alikuwa amelipa lango mgongo, karibu na ukingo wa eneo la hatari. Akauweka kifuani, akajirusha chali, na mguu wa kulia ukaupiga mpira juu ya kichwa chake mwenyewe. Ulipanda, ukampita Keylor Navas aliyeruka kadiri alivyoweza, ukashuka chini ya mtambaa wa panya. Tangu mguuni kwa Bonucci mpaka wavuni haukugusa nyasi.

UEFA ililitangaza kuwa bao bora la msimu. Juventus ilifungwa 4-1 siku hiyo. Andika yote mawili.

Swali la 12. Taja wachezaji wengine wawili waliofunga katika fainali za Kombe la Ulaya au Ligi ya Mabingwa kwa klabu mbili tofauti, kabla ya Mandžukić. (Alama 2)

Jibu: Velibor Vasović (Partizan 1966, Ajax 1969) na Cristiano Ronaldo (Manchester United 2008, Real Madrid 2014).

Swali la 13. Mandžukić alikutana na timu za Afrika katika Kombe la Dunia mara mbili. Eleza. (Alama 6)

Jibu: Mara ya kwanza ni Brazil 2014. Ili kuelewa ilikuwaje, rudi nyuma hadi Novemba 2013, Zagreb, mechi ya mchujo dhidi ya Iceland. Mandžukić alifunga dakika ya 27, na dakika ya 38 akapewa kadi nyekundu kwa rafu mbaya. Kroatia ikashinda 2-0 na kufuzu, lakini yeye akakosa mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia, ambayo Brazil iliwafunga 3-1. Alirudi katika mechi ya pili, dhidi ya Kameruni, mjini Manaus, 18 Juni 2014. Kabla ya mapumziko Alex Song wa Kameruni alimpiga kiwiko mgongoni wakiwa wanakimbia, mpira ukiwa mbali nao, na mwamuzi akatoa kadi nyekundu. Kipindi cha pili Mandžukić akafunga mawili, na mechi ikaisha 4-0. Kwa wapenzi wa soka wa Afrika ilikuwa jioni ya uchungu: Kameruni ilionekana timu iliyovunjika.

Mara ya pili ni Urusi 2018, dhidi ya Nigeria, mjini Kaliningrad. Jina lake halimo kwenye orodha ya wafungaji wa ushindi ule wa 2-0, lakini mabao yote mawili yalipitia kwake. La kwanza, aliruka na kupiga kichwa kufuatia kona, mpira ukamgonga Oghenekaro Etebo na kuingia. La pili, William Troost-Ekong alimkumbatia ndani ya eneo la hatari, na Luka Modrić akafunga penalti. Mwandishi wa michezo anayesoma karatasi ya matokeo tu ataandika kwamba Mandžukić hakufanya kitu siku ile.

Baada ya mechi hiyo kocha Zlatko Dalić alimrudisha nyumbani mshambuliaji Nikola Kalinić, aliyekataa kuingia uwanjani kama mchezaji wa akiba. Kroatia ikaendelea na wachezaji 22, na mzigo wa mbele ukazidi kumlemea Mandžukić.

Swali la 14. Kroatia ilicheza muda wa nyongeza mara ngapi kuelekea fainali ya 2018, na Mandžukić alichangia nini? (Alama 6)

Jibu: Mara tatu mfululizo. Dhidi ya Denmark, Mathias Jørgensen alifunga dakika ya kwanza, Mandžukić akasawazisha dakika ya 4, kisha Kroatia ikapita kwa penalti. Dhidi ya Urusi ilikuwa 2-2 na penalti tena. Nusu fainali, tarehe 11 Julai mjini Moscow, ilikuwa dhidi ya Uingereza.

Kieran Trippier alifunga kwa mpira wa adhabu dakika ya 5, Ivan Perišić akasawazisha dakika ya 68. Katika muda wa nyongeza Mandžukić aligongana na kipa Jordan Pickford akijaribu kufunga, akabaki chini akiugulia goti. Akainuka. Dakika ya 109 mpira ulikuwa hewani, Perišić akauruka na kuusukuma nyuma kwa kichwa. Mabeki wa Uingereza walisimama kwa nusu sekunde. Mandžukić hakusimama, alimpita John Stones mgongoni na kupiga kwa mguu wa kushoto, mpira ukaenda chini, kona ya mbali. Kroatia, nchi ya watu kama milioni nne, ikaingia fainali ya Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza.

Wachezaji walipokimbilia pembeni kushangilia walimwangukia mpiga picha wa shirika la AFP, Yuri Cortez, raia wa El Salvador. Akiwa chini ya rundo lile aliendelea kupiga picha. Mandžukić akampa mkono kumwinua.

Kwa anayetaka alama ya ziada: bao lake la kwanza kwa timu ya taifa, Septemba 2008, pia lilikuwa dhidi ya Uingereza, mjini Zagreb. Siku ile Kroatia ilifungwa 4-1.

Swali la 15. Ni rekodi gani Mandžukić aliiweka katika fainali ya 15 Julai 2018? (Alama 6)

Jibu: Ni mchezaji wa kwanza kujifunga katika fainali ya Kombe la Dunia ya wanaume, na wa kwanza kufunga bao na kujifunga katika fainali moja.

Dakika ya 18 Antoine Griezmann alipiga mpira wa adhabu kutoka kulia. Mandžukić alikuwa amerudi kulinda, kama kawaida yake katika mipira iliyokufa, akaruka kuuondoa. Ukamgusa utosini kidogo tu na kubadili mwelekeo, kipa Danijel Subašić akashindwa. Perišić alisawazisha, kisha Ufaransa ikaongeza kwa Griezmann kwa penalti, Paul Pogba na Kylian Mbappé. Ikawa 4-1.

Sasa angalia dakika ya 69. Samuel Umtiti anamrudishia mpira kipa Hugo Lloris. Timu iko nyuma kwa mabao matatu, miguu imebeba mechi tatu za dakika 120, na mpira uko kwa kipa. Mandžukić anamkimbilia. Lloris anajaribu kumpiga chenga. Mguu mrefu unatokea, unaugusa mpira, unaingia. Matokeo ya mwisho 4-2. Bao hilo halikubadilisha bingwa. Lakini mtu akiniuliza nionyeshe dakika moja ya kumfundishia mshambuliaji chipukizi maana ya kukaba kuanzia mbele, nitamwonyesha hiyo, si tikitaka ya Cardiff.

Swali la 16. Alistaafu timu ya taifa akiwa na takwimu gani? Mlinganishe na Davor Šuker. (Alama 4)

Jibu: Alitangaza kustaafu timu ya taifa Agosti 2018, mwezi mmoja baada ya fainali, akiwa na mechi 89 na mabao 33. Šuker, mfungaji bora wa Kombe la Dunia la 1998 kwa mabao 6, ana mabao 45 na ndiye anayeongoza Kroatia. Šuker alikuwa mmaliziaji wa kipaji cha pekee, mwenye mguu wa kushoto uliojua pembe za goli. Mandžukić hakuwa na ulaini huo. Ukimpima kwa kipimo cha Šuker atapungua, na hata Šuker akipimwa kwa kipimo cha Mandžukić, yaani kilomita za kurudi nyuma, atapungua. Kila mmoja alikaa ndani ya timu iliyojengwa kumtumia.

Swali la 17. Taja udhaifu wake. (Alama 3)

Jibu: Hasira uwanjani, kadi ya Iceland ikiwa mfano wa kutosha. Hakuwa mfungaji wa mabao 30 kwa msimu katika ligi yoyote kubwa. Na Milan hakufunga hata bao moja.

Swali la 18. Eleza jambo alilolifanya Milan mwaka 2021 lililozungumzwa zaidi kuliko mpira wake. (Alama 3)

Jibu: Alijiunga Januari 2021 akiwa na umri wa miaka 34, kumsaidia Zlatan Ibrahimović. Majeraha yakamweka nje karibu muda wote. Mwezi Machi, ambao hakucheza kabisa, aliiomba klabu isimlipe mshahara wa mwezi huo, na fedha zikapelekwa kwenye mfuko wa hisani wa Milan. Mkataba ulikuwa unamruhusu kuchukua kila senti.

Swali la 19. Alitundika daluga lini, na alifanya nini baada ya hapo? (Alama 4)

Jibu: Septemba 2021, kwa barua aliyomwandikia Mario mdogo, mtoto anayevaa viatu vya mpira kwa mara ya kwanza. Novemba mwaka huo huo aliteuliwa msaidizi wa Zlatko Dalić katika timu ya taifa, kocha yule yule aliyemwongoza Urusi. Kombe la Dunia la Qatar 2022 lilimkuta benchini kwa Kroatia, ambayo ilitolewa na Argentina katika nusu fainali, kisha ikashika nafasi ya tatu kwa kuifunga Moroko 2-1 tarehe 17 Desemba, kwa mabao ya Joško Gvardiol na Mislav Oršić. Bao la Moroko lilifungwa na Achraf Dari.